OCD na damu ya ukoo: maswali mnayoniuliza kila mara

Nimeamua niyaandike yote mahali pamoja manake simu zimezidi. Leo mtu wa Mambrui anauliza, kesho mtu wa Amu, yaani Lamu, anauliza lile lile, keshokutwa yule wa Mambrui anarudi na swali la shemeji yake. Mimi si daktari. Ni mtu wa Malindi, upande wa mama ni Lamu, OCD, ule ugonjwa wa akili wa mawazo yanayoganda na vitendo vya kurudiarudia, ninayo na kwetu iko tangu kwa babu, kwa hivo hii mambo ya kurithi nimeisoma kwa sababu ilikuwa inaninyima usingizi. Dozi usiniulize, hiyo ni kazi ya daktari.

Kwani OCD ni nini hasa, manake kila mpenda usafi siku hizi anajiita OCD?

Hao waache. Kupenda nyumba ing'are si ugonjwa. OCD ina pande mbili: kuna wazo linaingia bila kubisha hodi na halitaki kutoka, halafu kuna kitu unafanya ili hilo wazo litulie, na likitulia ni kidogo tu linarudi na nguvu zaidi. Mtu anashika udhu, anashuku labda kisigino hakikupata maji, anarudia, anashuku tena, jamaa washasali washatoka wamekaa barazani yeye bado yuko kwenye birika. Mwingine ni mlango na mtungi wa gesi, anaangalia, anapanda kulala, anashuka anaangalia tena. Mwingine ni mama mzazi, mtoto ana wiki tatu, akiona kisu jikoni inamjia picha ya kumdhuru mwanawe basi hata kitunguu anaogopa kukata, na huyo mama hana chembe ya nia hiyo, ndio maana inamtesa. Wako na wale wanaojiwa na maneno ya kufuru ndani ya sala, hawa ndio wanaumia kimyakimya zaidi kwa sababu watamwambia nani.

Madaktari huangalia kama inakula zaidi ya saa moja kwa siku ama imekuharibia kazi, masomo, ndoa. Duniani inakadiriwa mtu 1 hadi 3 katika kila 100 ataipata wakati fulani maishani, na mara nyingi inaanza utotoni ama kabla ya miaka 25. Wavulana huwa wanaanza mapema kuliko wasichana.

Na hayo magonjwa mengine mnayoyataja pamoja na OCD ni yepi?

Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliitoa OCD kwenye kundi la magonjwa ya hofu wakaipa kundi lake, wakaweka humo kung'oa nywele, kuchokoa ngozi mpaka vidonda, kurundika vitu nyumbani bila kuweza kutupa hata risiti ya 2009, na ile ya mtu kuona ana kasoro kubwa mwilini, pua ama ngozi, wakati wengine hawaoni kitu. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake mpya, iliyoanza kutumika 2022, likaongeza hofu ya kudumu ya kuwa na maradhi na ile ya mtu kuamini ananuka. Nitayarudia chini.

Haya, inarithiwa ama hairithiwi? Nataka jibu moja.

Kinachorithiwa ni wepesi wa kuipata. Ugonjwa wenyewe haukabidhiwi kama shamba. Ndio jibu moja, yanayofuata yote ni kulifafanua hilo.

Babangu anayo. Mimi nitaipata?

Uwezekano mkubwa ni kwamba hutaipata. Soma tena hiyo sentensi kabla hujaenda kwa nambari.

Kuna utafiti wa familia uliofanywa Marekani na watu wa Johns Hopkins ukatoka mwaka 2000. Walichukua jamaa wa karibu wa wagonjwa, yaani wazazi, ndugu na watoto, wakawalinganisha na jamaa wa watu wasio na OCD. Kwa jamaa wa wagonjwa waliokuwa nayo ni karibu 12 kwa 100, kwa wale wengine ni karibu 3 kwa 100. Kwa hivo ndio, hatari inapanda karibu mara nne, lakini geuza upande wa pili uone, katika jamaa 100 wa karibu 88 hawakuwa nayo. Watu wakiskia "mara nne" wanafunga masikio hapo hapo.

Kitu kimoja cha kuongeza: kama aliyekuwa nayo aliipata akiwa mdogo, hatari kwa jamaa zake huwa kubwa kuliko kama alianza ukubwani. Kwa hivo swali la maana kumuuliza mzee ni alianza na umri gani. Kama ni makali kiasi gani, hilo ni la baadae.

Nimeskia "asilimia 47 ni jeni". Manake nina asilimia 47 ya kuugua?

La, la, la. Hii ndio inanikera kuliko zote na hata wanaojiita waandishi wa afya wanaikosea. Hiyo asilimia haimzungumzii mtu mmoja. Inazungumzia umati: ukichukua watu wengi uwaone wanavyotofautiana, huyu anayo, yule hana, huyu kidogo, basi katika hiyo tofauti yao sehemu kiasi gani inaelezwa na tofauti za jeni zao, yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Ya 47 ilitoka Uswidi. Tafiti za mapacha zimetoa 27 hadi 47 kwa watu wazima na 45 hadi 65 kwa watoto, yaani ikianza utotoni jeni zina mkono mkubwa zaidi. Wewe peke yako huna asilimia ya namna hiyo, na anayekwambia anaweza kukukokotolea yako anakuuzia kitu.

Wanajuaje ni damu? Si labda mtoto anamuona mamake anaosha mikono, na yeye anaiga?

Swali zuri, hata mimi nililishikilia muda mrefu. Njia ya kwanza ni mapacha. Wa kufanana wana jeni karibu zote sawa, wasiofanana wanashiriki nusu kwa wastani kama ndugu wa kawaida, na wote wamelelewa nyumba moja, sahani moja. Ingekuwa ni kuiga tu, aina zote mbili zingelingana. Haziko hivo, mapacha wa kufanana wanashabihiana zaidi kwenye OCD. Lakini angalia na hili, hata hao wa kufanana kabisa, mmoja anaweza kuwa nayo na mwenzake akaishi salama mpaka uzeeni, kwa hivo jeni haziamui peke yake.

Njia ya pili ni hao Waswidi, wao wana daftari la taifa zima, wakafuata rekodi za 1969 mpaka 2009, zaidi ya wagonjwa 24,000. Wakaona hatari inashuka kadri damu inavyokuwa mbali. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, karibu mara tano. Ndugu wa upande mmoja tu, kama mara mbili ama chini ya hapo. Binamu, mara moja na nusu hivi. Na mazingira ya pamoja, ile ya kukaa nyumba moja, hayakuonekana kuchangia cha maana. Yaliyochangia nusu ya pili ni mambo ya mtu mwenyewe binafsi, yaliyompata yeye hayakumpata nduguye.

Kwetu babu alikuwa wa udhu, mamangu ni wa milango, mimi ni wa kuhesabu. Hakuna aliyemuiga mwenzake. Wazo linavaa nguo za mahali na za mtu. Hapa pwani litakuja na najisi na niya ya sala, kwengine litakuja na vijidudu, lakini mashine iliyo chini ni ile ile.

Basi ni jeni gani? Tuambie jina tuijue.

Hakuna jina moja. Ukitaka kuelewa, fikiria sikoseli, ambayo huku pwani tunaijua vizuri sana. Sikoseli ni jeni moja, kwenye kromosomu ya 11, wazazi wote wawili wakiwa wabebaji basi kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua, unaichora kwa kalamu na karatasi. OCD haichoreki hivo. Ni jahazi linalopakiwa viroba vidogo vidogo kwa maelfu, kiroba kimoja hakizamishi kitu, kila mmoja wetu amebeba vingapi vingapi, na aliyebeba vingi akikutana na bahari mbaya ndio maji yanaanza kuingia.

Huko nyuma walikuwa wanachagua jeni moja wanaipima. Walihangaika sana na SLC6A4 inayohusika na serotonini, kemikali ya ubongo, kwa sababu dawa za serotonini zinasaidia, na SLC1A1 inayohusika na glutamati, kemikali nyingine ya ubongo. Leo tafiti moja inasema ndio, kesho nyingine inasema hapana. Halafu wakaacha kubahatisha, wakaanza kupima DNA nzima ya watu wengi kwa pamoja. Mwaka 2013 walikuwa na wagonjwa 1,465, hakuna kitu kilichopita mtihani. Mwaka 2018 wakaunganisha data wakafika 2,688, bado hakuna. Watu wakaanza kusema labda hakuna cha kuonekana. Kumbe tatizo lilikuwa idadi. Mwaka 2025 ikatoka kubwa, wagonjwa 53,660 na watu zaidi ya milioni 2 wasio na OCD, wakapata sehemu 30 kwenye DNA, na ndani yake jeni kama 25 zinazoshukiwa zaidi. Na hata hizo 30 ni mwanzo tu, hesabu zao zinaonyesha tofauti ndogondogo zinazohusika ni kama 11,500.

Hizo jeni zinafanya kazi wapi? Nyingi zinawaka kwenye seli za ubongo, hasa sehemu zinazoitwa striatamu, hipokampasi na gamba la mbele. Hii ilinifurahisha manake picha za ubongo zilikuwa zinaonyesha huko huko tangu zamani, kuna mzunguko unatoka gamba la mbele unapita striatamu unapita thalamasi unarudi, na kwa mwenye OCD huo mzunguko unachemka kupita kiasi. Ile hisia ya "bado hakujakuwa sawa" inatoka hapo.

Kuna pia mabadiliko ya nadra lakini mazito, kiroba kimoja kikubwa. Mwaka 2021 waliona jeni ya SLITRK5 inaharibika mara nyingi zaidi kwa wenye OCD. Na mengine ni mabadiliko mapya, mtoto anayo, baba hana, mama hana. Kwa hivo ukiskia "kwetu hakuna kabisa" inawezekana ni kweli.

Kuna kipimo cha DNA cha kujua?

Cha OCD hakuna, si Malindi, si Nairobi, si London. OCD inatambuliwa kwa kukaa chini na kuongea na mtu anayeijua. Hizo kampuni za kutema mate kwenye chupa zitakupa alama fulani ya hatari lakini kwa mtu mmoja mmoja hiyo alama haina nguvu ya kutabiri, viroba vya kawaida vilivyopimwa mpaka sasa vinaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti. Weka pesa yako kwa nauli ya kwenda kliniki.

Usichanganye na kipimo kingine cha jeni za ini, kama CYP2C19 na CYP2D6, hicho kinaonyesha mwili wako unavunja dawa haraka ama polepole. Kipo, kina kazi yake, lakini hakisemi kama una OCD.

Sisi watu wa pwani tumo kwenye hizo data za watu 53,000?

Wengi mno wao ni wenye asili ya Ulaya. Hili ni shimo kubwa na wenyewe wanakubali. Latin Amerika wameanza mradi wao wa kukusanya DNA za OCD, unaitwa LATINO. Huku kwetu, Kilifi hapo, KEMRI-Wellcome wamekuwa wakifanya utafiti tangu 1989 na walishiriki kwenye ule mradi wa NeuroGAP uliochukua DNA Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, lakini ule ulikuwa wa magonjwa mengine ya akili, skizofrenia na bipola.

Kwa nini inatuhusu? DNA za Waafrika zina tofauti nyingi kuliko za bara lingine lolote, kwa hivo alama zilizotengenezwa kwa Wazungu zikiletwa hapa zinapwaya. Na sisi wa pwani damu zetu zimechanganyika juu ya hapo. Mimi nikiombwa damu yangu kwa utafiti wa OCD huku, na nikaelezwa vizuri itatumikaje, natoa. Najua wako wanaosema wanatuibia, na maswali yao ni ya haki, wayaulize kabla ya kutia sahihi na wapewe majibu, lakini kukataa tu kwa sababu ni damu, hapo hatukubaliani.

Kwetu tunaoana mabinamu. Ndio sababu?

Hili linaulizwa na watu wa Amu zaidi na linaulizwa kwa sauti ya chini. Binamu wa kwanza wanashiriki kama asilimia 12.5 ya DNA zao. Hatari inayojulikana vizuri ya ndoa hizo ni kwa magonjwa ya jeni moja yanayotaka nakala mbili mbovu, moja kwa baba moja kwa mama. Sikoseli inafuata mtindo huo wa nakala mbili. OCD haiendi hivo. Cha kuangalia ni kama pande zote mbili kuna wagonjwa, maana hapo mtoto anapakiwa kutoka kushoto na kulia, na hilo linaweza kutokea hata ukioa mtu wa Kisumu.

Na linatokea kweli. Wale Waswidi waliona hata wake na waume wa wenye OCD, watu wasio na damu moja, walikuwa nayo zaidi ya mara mbili kuliko watu wengine. Watu wenye tabia zinazofanana huvutana. Mchunguze mumeo vizuri, labda hakukuoa kwa biriani tu.

Mwanangu ana OCD na pia anapepesa macho, anarusha bega, anakohoakohoa bila kifua. Ni moja?

Hizo zinaitwa tiki, na zikiwa nyingi za mwili na za sauti kwa zaidi ya mwaka huitwa ugonjwa wa Tourette. Ni ndugu wa damu na OCD, jeni zao zinaingiliana sana, na ukoo wenye tiki mara nyingi una OCD pia. Hutokea zaidi kwa wavulana. Mwambie daktari, usifiche, kwa sababu OCD yenye tiki wakati mwingine inatibiwa tofauti kidogo. Na mwalimu asimchape kwa kukohoa darasani, mtoto hafanyi makusudi.

Ikiwa ilianza ghafla, jana mzima leo hatambuliki, na alikuwa na maumivu ya koo, sema na hilo pia. Tangu 1998, daktari wa Marekani Susan Swedo na wenzake walipoeleza OCD na tiki za ghafla kwa watoto baada ya maambukizi ya bakteria wa streptokoka, madaktari wanabishana inatokea mara ngapi hasa, lakini koo lenyewe linatakiwa litibiwe hata hivo.

Anang'oa nywele. Bibi yake anarundika magazeti. Yote ni jeni hizo hizo?

Kwa sehemu. Tafiti za mapacha zinaonyesha haya magonjwa yana mzizi wa pamoja lakini pia kila moja lina njia yake. Ile ya kujiona na kasoro iko karibu sana na OCD. Kung'oa nywele na kuchokoa ngozi zinakaa pamoja, kama kona yao wenyewe. Kurundika vitu ni kwa namna yake, kwa mapacha wa kike wa Uingereza ilionekana jeni zinaeleza kama nusu ya tofauti, na inazidi mtu anavyozeeka, ndio maana huwa ni bibi ama babu. Usimwage vitu vyake akiwa sokoni. Nimeona familia imefanya hivo na yule mzee hakuongea nao mwezi mzima, halafu akaanza upya.

Huo utafiti wa 2025 ulionyesha pia OCD inashiriki jeni na dipresheni, magonjwa ya hofu na anoreksia, ile ya kujinyima chakula. Kwa hivo ukoo mmoja unaweza kuwa na khalati wa hofu, kaka wa OCD, binti wa dipresheni, na kila mmoja anadhani yake imetoka hewani.

Ni kweli kuna wanyama wenye OCD?

Kuna kitu kinachofanana. Mwaka 2007 huko Duke, Marekani, walitoa jeni ya Sapap3 kwa panya, wale panya wakawa wanajisafisha uso bila kuacha mpaka manyoya yakatoka na vidonda. Wakawapa fluoksetini, dawa ile ile ya binadamu, wakapungua. Wakairudisha ile jeni kwenye striatamu tu, wakapona. Na mbwa wa Doberman wako wanaonyonya blanketi ama ubavu wao siku nzima, mwaka 2010 ikaunganishwa na sehemu ya jeni CDH2. Panya si mtu, sawa, lakini kwa wale wanaosema ni kukosa kazi, sijui panya naye akatafute kazi gani.

Wazee wanasema ni majini, ama ni imani ndogo.

Nawaheshimu wazee na sitabishana nao kuhusu majini. Kusomewa hakuna ubaya, kama kunamtuliza mtu. Ubaya ni akipigwa, akifungwa, ama akiambiwa aache dawa. Na kuhusu imani, huyu anarudia udhu kwa sababu anajali mno, asiyejali angesali na kwenda zake. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyekufa mwaka 934, aliyaweka mawazo haya yanayoganda kwenye maradhi ya nafsi yenye tiba, zaidi ya miaka elfu iliyopita, na sisi bado tunamwambia mtoto wa watu "wacha upumbavu".

Mafakihi nao siku zote wamemwambia mwenye waswasi asirudie, apuuze, aendelee na sala yake. Terapi inasema hivo hivo. Ukipata shekhe anayeijua hii, mtu akikwama kwenye udhu anamwambia kila kiungo mara tatu basi, nenda, huyo shekhe ni hazina.

Kama ni ya kurithi basi matibabu ya nini? Jeni huwezi kubadilisha.

Huhitaji kuzibadilisha. Mwenye macho mabovu ya kurithi anavaa miwani. Mwaka 1992 watu wa Los Angeles, timu ya Lewis Baxter, waliwapiga wagonjwa picha za ubongo kabla na baada ya matibabu. Kundi moja lilipewa fluoksetini, jingine terapi ya tabia peke yake bila kidonge. Waliopata nafuu, kwa makundi yote mawili, ile sehemu ya striatamu iliyokuwa inachemka ilitulia. Maneno na mazoezi yaliubadilisha ubongo sawa na dawa.

Hiyo terapi unakutanishwa na unachokiogopa kidogo kidogo na unajizuia kufanya kile kitendo, unashika kitasa hauoshi, unakaa na ile hofu mpaka ishuke yenyewe. Ni ngumu, sitakudanganya, nililia. Dawa ni kama fluoksetini, setralini, ama klomipramini ya zamani, kwa OCD dozi huwa juu kuliko ya dipresheni na inataka wiki 8 hadi 12 kujua kama inafanya kazi. Watu wanaacha wiki ya tatu halafu wanasema dawa haifai.

Kuna posa. Tuwaambie upande wa pili ama tunyamaze?

Mimi ni wa kusema. Najua huku tunavyochunguza, wanaulizwa majirani mpaka mtaa wa tatu, na najua kuna posa imevunjika Malindi hapa kwa sababu dada wa bibi harusi "ana mambo". Waliovunja walikimbia kitu ambacho labda kiko kwao pia na hawakijui jina. Kwa mgonjwa mwenyewe, mwenzio ataona tu, hukai na mtu chumba kimoja ukaficha kuosha mikono. Afadhali aambiwe na wewe, kabla, na pamoja na nambari: hata mzazi akiwa nayo, watoto wengi hawaipati. Kwa ndugu wa mgonjwa ambaye yeye haumwi, sioni kwa nini atangaze siri ya mwenziwe bila ruhusa yake.

Na watoto? Nisizae?

Zaa ukitaka kuzaa. Hakuna daktari wa maana atakuzuia kwa OCD. Wewe mama mwenye nayo ujue tu kwamba ujauzito na miezi ya baada ya kujifungua ni wakati ambao huanza ama hupanda, kwa hivo panga mapema na kliniki na usiache dawa kivyako siku umeona mistari miwili. Jeni huwezi kuchagua, lakini kuna mambo ya mimba na uzazi yaliyoonekana kuongeza hatari kidogo, kama mama kuvuta sigara na mtoto kuzaliwa njiti.

Mtoto akianza, msimsaidie kuugua. Hii tunafanya wote kwa mapenzi: anauliza "mama, mikono yangu safi?" mara ishirini na unajibu mara ishirini, unamfungulia milango, unamwagia maji. Kila jibu linailisha. Mjibu mara moja, kwa upole, halafu mwambie hii ndio ile OCD inauliza, hatuijibu. Na mkitibu mapema ni rahisi kuliko ikishakaa miaka kumi.

Naanzia wapi, niko Lamu?

Anza na hospitali ya kaunti, pale King Fahd, uliza kliniki ya akili ni siku gani ya wiki na nani yuko. Malindi vivyo hivyo, hospitali kubwa ya serikali. Zaidi ya hapo ni Port Reitz Mombasa, wana wadi na kliniki ya akili, na Mathari Nairobi. Mtu wa terapi hasa ya OCD ni adimu huku, wengine wanafanya kwa simu, muulize moja kwa moja kama anajua ile ya kujikabili na kujizuia, akianza kukwambia upumue tu na usikilize mawimbi, tafuta mwingine.

Nenda na karatasi: nani kwenye ukoo ana nini, upande gani, alianza na miaka mingapi, nani ana tiki, nani alitumia dawa gani na ikamsaidia ama ikamshinda. Muulize khalati. Khalati ndio wanajua kila kitu.